Sauli alilia, Daudi akapanda ngomeni

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Somo la juma hili ni 1 Samweli 24, kuanzia mstari wa 8 hadi mwisho. Nimelichagua kwa sababu ya swali linalorudi midomoni mwetu kila msimu wa kampeni. Mgombea anapanda jukwaani, anasimulia umaskini wa utotoni mwake au anamtaja mtoto aliyekufa kwa kukosa dawa, sauti inakatika, anatoa leso. Sisi tulio chini tunageukiana: huyu analia kweli au anaigiza? Wanaompenda wanasema ana moyo wa huruma. Wasiompenda wanasema ni machozi ya mamba. Ubishi unatufuata mpaka nje ya mlango wa kanisa, na ndugu wa imani moja wanaagana wamenuniana.

Tumfuate Daudi pangoni.

Mfalme Sauli ametoka na watu 3,000 waliochaguliwa, anamsaka kijana huyu kwenye majabali ya Engedi. Anaingia pangoni kujisitiri, asijue kwamba Daudi na watu wake wamejificha humo humo. Daudi ananyemelea, anakata upindo wa vazi lake, anamwacha atoke salama. Kisha anamfuata nje, anamwita, anainama kifudifudi, anamwonyesha kile kipande cha nguo. Hapo mfalme anashindwa kujizuia. Anamwita "mwanangu Daudi", anapaza sauti, analia. Anakiri kwamba Daudi ni mwenye haki kuliko yeye. Anatamka hata jambo lililomkosesha usingizi miaka yote, kwamba Daudi ndiye atakayetawala Israeli, na anamwomba aape kutoukatilia mbali uzao wake. Daudi anaapa.

Mimi nasadiki machozi yale yalikuwa ya kweli. Mtu anayeona kipande cha vazi lake mkononi mwa aliyeweza kumchinja muda mfupi uliopita hana sababu ya kuigiza, na Maandiko hayadokezi unafiki wowote. Lakini someni mstari wa 22 polepole. Sauli akaenda zake nyumbani. Daudi na watu wake wakapanda ngomeni.

Daudi hakumwambia mfalme kwamba anajifanya. Hakuwageukia watu wake ili wamcheke mzee. Wala hakufunga mizigo kumfuata ikulu. Alimheshimu, akamwapia, akarudi mahali pa usalama. Geuzeni kurasa hadi sura ya 26 mtamkuta Sauli katika nyika ya Zifu, ana watu 3,000 vilevile, anamsaka tena.

Kwa hiyo naona swali letu la kila msimu halitufikishi mbali. Machozi yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yasimfunge aliyeyatoa kwa lolote kesho yake. Sauli hakudanganya pale Engedi. Alijisikia vibaya, akasema alichojisikia, kisha akarudi kwenye kiti chake cha enzi na hofu zake za siku zote, na hofu zikashinda.

Tena hata tukitaka kujua nani analia kwa dhati, hatuna kipimo. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya majaribio yaliyohusisha zaidi ya watu 24,000 waliotakiwa kusema nani anasema kweli na nani anadanganya. Walipatia kwa wastani wa asilimia 54. Ukirusha sarafu utapata 50. Samweli, nabii mzima, alipomwona Eliabu, kaka yake Daudi, alidhani amempata mtiwa mafuta, yaani mfalme aliyechaguliwa na Mungu, akaambiwa kwamba wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo. Ikiwa Samweli alikosea akiwa amesimama ana kwa ana na mtu, sisi tunaomwona mgombea kwenye klipu ya nusu dakika tunajiamini nini?

Na kamera nazo zina mambo yake. Tarehe 26 Februari 1972 Seneta Edmund Muskie, aliyekuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais wa Marekani, alisimama juu ya lori mbele ya ofisi za gazeti moja mjini Manchester, New Hampshire, akilijibu kwa yale lililochapisha juu yake na juu ya mke wake. Theluji ilikuwa inamwangukia kichwani na usoni. Sauti ilimkwama. Waandishi wakaripoti kwamba alilia. Yeye akasema ni theluji iliyoyeyuka. Siku chache baadaye alishinda kura ya mchujo katika jimbo lile kwa asilimia 46, lakini picha ya mtu dhaifu ilikwisha kumganda, na mbio zake hazikufika mbali. Watu walishindwa kukubaliana hata kama yale yalikuwa machozi au maji, na bado wengi walikwisha kutoa hukumu juu ya moyo wake.

Miaka 36 baadaye, katika jimbo hilohilo, siku moja kabla ya kura ya mchujo ya chama hichohicho, mwanamke mmoja alimuuliza Hillary Clinton anawezaje kuendelea na kazi ile ngumu kila siku. Clinton akajibu sauti ikitetemeka, macho yamelowa. Kura za maoni zilikuwa zimempa Barack Obama ushindi. Kesho yake, tarehe 8 Januari 2008, Clinton ndiye aliyeshinda. Wengine wakasema machozi yale ndiyo yaliyombeba, wengine wakasema yalipangwa. Ninachokirudia mimi mara kwa mara ni habari ya yule mwanamke aliyeuliza swali. Alieleza baadaye kwamba aliguswa, na kwamba kura yake alimpa Obama. Aliweza kuguswa na mtu, na bado akaamua kwa mambo mengine. Sijui siasa zake na wala hazinihusu, ila katika hilo dada yule alifanya kitu cha Daudi.

Nisieleweke kwamba udanganyifu haupo. Upo, na Biblia inauonyesha bila kupepesa macho. Someni Yeremia 41. Ishmaeli mwana wa Nethania amekwisha kumuua Gedalia, liwali wa Yuda, na habari haijatoka. Wanakuja watu themanini kutoka Shekemu, Shilo na Samaria, ndevu zimenyolewa, nguo zimeraruliwa, wamebeba sadaka na ubani wa kupeleka nyumbani kwa Bwana. Ishmaeli anatoka Mispa kuwalaki, anakwenda huku analia. Anawakaribisha kana kwamba ni mwombolezaji mwenzao. Walipofika katikati ya mji akawaua na kuwatupa shimoni. Kumi tu walipona, kwa kusema wana ngano, shayiri, mafuta na asali walivyovificha shambani. Waliokufa hawakuwa wajinga. Walikuwa wenye majonzi, na aliyewaua aliwajia kwa majonzi yao wenyewe. Mtu aliyefiwa, aliyefilisika, aliyenyang'anywa haki, masikio yake yako wazi kwa yeyote anayelia kilio kinachofanana na chake. Ndiyo maana nashindwa kuwacheka watu wanaomshangilia mgombea anayelia. Mara nyingi wanamlilia mtu wao wenyewe.

Absalomu, mwana wa Daudi, ndiye ninayemwogopa zaidi, maana hakumwaga tone la chozi. Sura ya 15 ya 2 Samweli imeandikwa kama mtu aliyekuwa amesimama pembeni akitazama kampeni. Kuna gari na farasi, na watu hamsini wanatangulia mbio. Kuna kuamka mapema na kusimama kando ya njia ya langoni, mahali ambapo kila mwenye shauri lazima apite. Anamwita mtu, anamuuliza ametoka mji gani. Anamwambia maneno yake ni mema na ya haki, ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Anaugua kwa sauti: laiti yeye angekuwa mwamuzi! Na mtu akikaribia kumsujudia, anamshika mkono, anambusu.

Angalieni anavyowaambia. Kila mmoja anaambiwa shauri lake ni jema, na upande wa pili haujasikilizwa. Leo anamkumbatia mdai, kesho labda anamkumbatia mdaiwa, wote wawili wanarudi nyumbani wameridhika, na hakuna kesi hata moja tunayosoma kwamba aliiamua. Maandiko yanasema aliiiba mioyo ya watu wa Israeli. Na mstari wa 11 unaniumiza kila nikiusoma: watu mia mbili walitoka Yerusalemu pamoja naye wakiwa wamealikwa, wakaenda kwa unyofu wao, hawajui lolote. Walikuwa waaminifu, wakajikuta ndani ya uasi.

Baada ya kusoma sura kama hizo ni rahisi kuwa mkavu na kusema kila anayelia jukwaani ni mwongo. Kwa mwamini njia hiyo imefungwa. Warumi 12:15 inatuamuru kulia pamoja nao waliao, na haijawatoa wagombea. Hawa ni watu wanaopata usingizi wa saa tatu tu kwa usiku, wametukanwa kwenye mitandao, wameshikwa mikono na mamia ya wenye shida, na wengine wamezika ndugu katikati ya safari. Mtu wa namna hiyo anaweza kupasuka. Mwaka 2004 Howard Dean, naye akiwania kuteuliwa na Democratic kugombea urais wa Marekani, alipigia kelele wafuasi wake huko Iowa baada ya kushika nafasi ya tatu, na ukumbi ule ulikuwa na makelele kiasi kwamba ilimbidi apaze sauti ili asikike. Maikrofoni aliyoishika iliinasa sauti yake na kuiacha nje ile ya umati. Kwenye televisheni akaonekana mtu aliyerukwa na akili, na klipu ikarushwa tena na tena. Waliokuwa ukumbini hawakuona ajabu yoyote. Kumhukumu mtu kwa kipande cha namna hiyo ni kumshuhudia jirani uongo, hata kama sisi tumekisambaza tu.

Tufanyeje basi? Nehemia ananisaidia. Alipopata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomolewa aliketi akalia, akaomboleza siku kadhaa, akafunga. Hakuwa mbele ya umati; alikuwa ugenini Shushani. Lakini nisingemwamini kwa machozi hayo peke yake. Namwamini kwa sura ya 5. Alikuwa liwali wa Yuda miaka kumi na miwili, na muda wote huo yeye na ndugu zake hawakula chakula cha liwali, wakati waliomtangulia waliwalemea watu, wakichukua mkate, divai na shekeli arobaini za fedha. Hakununua shamba. Maskini walipolia kwamba wameweka rehani mashamba na watoto wao, aliwaita wakuu, akawagombeza mbele ya mkutano, akawataka warudishe siku ile ile, na akawaita makuhani ili kiapo kishuhudiwe. Hayo yote yanaweza kuchunguzwa. Ni nani alirudishiwa shamba? Liwali alikula nini? Hakuna anayehitaji kuusoma moyo wa Nehemia ili ajibu.

Iko habari nyingine ambayo sikutaka kuikwepa, maana inamhusu Daudi mwenyewe. Katika 2 Samweli 3 Yoabu, mkuu wa jeshi la Daudi, anamuua kwa hila Abneri, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sauli. Daudi analifuata jeneza, anapaza sauti kaburini, anakataa kula mpaka jua lichwe. Watu wote wanatambua, inawapendeza, na Israeli yote inajua siku ile kwamba mfalme hakuhusika na mauaji. Kwa maneno ya leo, kilio kile kilimsaidia sana kisiasa. Mimi naamini alimlilia Abneri kwa dhati. Naamini pia alijua anatazamwa. Vyote viwili vilikaa ndani ya mtu mmoja, tena mtu aupendezaye moyo wa Mungu. Na Yoabu? Daudi alimlaani kwa maneno makali, akasema wana wa Seruya, yaani Yoabu na ndugu yake, ni wagumu kwake, akamwacha. Yoabu akabaki kuwa mkuu wa jeshi, na miaka mingi baadaye Daudi alipokaribia kufa ndipo akamwachia Sulemani deni hilo. Ndugu wa Abneri, walioyaona machozi ya mfalme kaburini, waliendelea kumwona Yoabu akipita na walinzi wake.

Nasema haya hasa kwa ajili ya makanisa yetu. Kampeni zikianza, wagombea watakuja ibadani. Watapiga magoti, wataomba kuombewa, na wengine watalia. Tuwaombee kwa moyo mweupe, maana ndivyo tulivyoagizwa katika 1 Timotheo 2. Lakini Yakobo 2 inatukataza kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame kule. Akija mgombea, aketi na watu na asikie neno. Madhabahu isigeuzwe jukwaa lake, na maombi yetu yasije yakarekodiwa yakawa tangazo. Wachungaji, nawasihi sana katika hili. Mtu mmoja akilia mbele ya kanisa na mchungaji akamwekea mkono begani, waumini wengi huona kura imekwisha kupigwa kwa niaba yao.

Juma hili tusome pia Zaburi 72, ombi kwa ajili ya mfalme atakayemwokoa mhitaji anapolia na ambaye damu ya maskini ina thamani machoni pake. Tuiombe kwa majina: jina la mgombea tunayempenda, kisha la yule ambaye machozi yake yalituudhi. Na anayepata nafasi ya kuuliza swali kwenye mkutano, amuulize kwa heshima alifanya nini kwa ajili ya watu hao anaowalilia, lini, na nani anaweza kushuhudia.