Siku moja ya mwongoza wageni Iringa: kutoka Isimila hadi jiwe linalosema

Saa 12:00 asubuhi

Mji wa Iringa umekaa juu ya ukingo, karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai baridi ya alfajiri si ya kuchezea. Wageni waliotoka Dar, kilomita kama 500, hushuka kwenye basi wamevaa nguo za pwani. Kwa hiyo ndani ya Noah hukaa masweta matatu ya akiba wakati wote.

Ukaguzi kabla ya kuondoka ni mfupi. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Kofia. Viatu vyenye soli ya meno, maana kandambili ndizo zinazoangusha watu korongoni kuliko kitu kingine chochote. Salio kwenye simu nalo linahakikiwa mjini, kwa sababu siku hizi kiingilio cha vituo vya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, na ukiishiwa ukiwa huko, wakala humpati. Wageni hawazidi wanane kwa mwongozaji mmoja. Wakifika kumi na wawili, wa nyuma hawasikii, na asiyesikia huanza kuokota vitu.

Saa 1:00

Tunashika barabara kuu ya Mbeya. Ni kilomita 20 tu hadi Isimila, korongo lenye zana za zama za mawe, lakini usihesabu dakika 15. Malori ya Tunduma yanapanda taratibu, matuta ni mengi, na kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa huku trafiki wa tochi wakiwa kazini. Dakika 40 ni hesabu ya kweli. Kibao kiko upande wa kushoto, kisha kuna kipande cha barabara ya udongo. Masika udongo ule hugeuka utelezi, na gari dogo lisilo na matairi mazuri ni bora liachwe karibu na lami, watu watembee.

Saa 2:00, korongoni

Isimila inatakiwa iwe ya kwanza, tena mapema. Sababu ya kwanza ni jua. Sababu ya pili ni kwamba mgeni akishaona majengo ya Wajerumani na ngome za karne ya 19, akili yake hukataa kurudi nyuma hadi kwenye zama za mawe. Anza na cha kale zaidi, historia itapanda yenyewe.

Zana za mawe za hapa zilitambuliwa mwaka 1951 na mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita. Uchimbaji mkubwa ulifanyika 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kuhusu umri, waongozaji wengi bado wanataja miaka 60,000, makadirio ya zamani waliyorithi kwa kusikia. Vipimo vya urani vilivyofanywa miaka ya 1970 vilitoa takriban miaka 260,000. Tofauti hiyo si ndogo, na mgeni akidanganywa hapa hatatuamini tena siku nzima.

Mahali hapa palikuwa na ziwa dogo. Wanyama walikuja kunywa, watu wakawafuata. Mifupa iliyochimbwa ni pamoja na ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kiasi kwamba aliweza kuzama karibu mwili mzima na bado akaona. Watoto wa shule hukumbuka kiboko huyo miaka mingi baada ya kusahau mengine yote.

Kisha tunafika kwenye zana zenyewe. Zipo shoka za mkono, zenye ncha upande mmoja na kitako kinene upande wa pili. Zipo zenye makali mapana kama ya shoka la kupasulia kuni. Vipo vikwaruzo vya ngozi, na mawe ya mviringo. Nyingine ni kubwa mno, huwezi kuzitumia kwa mkono mmoja, na kazi yake bado inajadiliwa. Nyingi zimechongwa kwenye mailonaiti, jiwe lililosagwa na kubanwa na nguvu za ardhi hadi likawa gumu na la kumeguka vizuri. Nyingine ni za itale.

Mgeni huuliza: utajuaje kuwa hili ni zana na si jiwe tu? Angalia mambo matatu. Jiwe lililovunjwa na mto lina kingo butu na mapigo yasiyo na mpango. Zana ina makovu ya kumegwa yanayofuatana, moja likikata lingine, tena kwa pande zote mbili. Na pale kipande kilipomenyeka hubaki kibonde kidogo karibu na mahali nyundo ya jiwe ilipogonga. Ukishakiona kibonde hicho mara moja, utakiona kila mahali.

Hapa ndipo nasimama na kusema neno moja kwa uzito: usiokote. Hata la kushika na kurudisha, uliza kwanza. Jiwe likiwa palepale lilipolala linaeleza tabaka lake, majirani zake, na maji yalitoka wapi. Likiingia mfukoni na kutolewa sebuleni, limebaki kuwa jiwe zuri tu. Wapo wanaodhani kwa kuwa ni mengi, moja halina madhara, lakini kila anayechukua huchukua lile lililo kamili, na kinachobaki ni vipande.

Saa 3:30, nguzo

Kutoka kwenye zana hadi nguzo za udongo ni mwendo wa dakika 15 hivi, na kuna mteremko mkali. Tunashuka mmoja mmoja, tukiachana hatua tatu, ili anayeteleza asiwabebe wenzake. Nguzo zimechongwa na mvua: tabaka gumu la juu hukinga udongo laini ulio chini yake, na pasipo na kofia hiyo maji hula hadi chini. Nyingine zinafikia mita 10. Usiziegemee, na usichore jina, kwa kuwa mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya maji.

Picha nzuri hupatikana kabla ya saa 4, jua likiwa bado la pembeni na vivuli vikionyesha mikunjo. Mchana kila kitu huonekana bapa. Na kuanzia Desemba hadi Aprili, wingu jeusi likionekana upande wa vilima, tunapanda mara moja hata kama juu yetu ni kweupe, kwa sababu maji ya korongo hutoka mbali.

Saa 5:00, Boma

Turudi mjini. Makumbusho ya Boma yamo kwenye jengo la Wajerumani la mwaka 1900 na yalifunguliwa 2016. Saa moja inatosha. Nawapitisha hapa ili wapate mambo mawili kabla ya Kalenga: jina Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome; na tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, ambaye Wahehe walimwita Nyundo, ulivamiwa na kuvunjwa kwa dakika chache, naye akauawa. Bila Lugalo, fuvu lililoko Kalenga, la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, halieleweki. Vikapu vya nyasi za milulu vinavyofumwa na akina mama wa Kihehe vinunue ukivikagua kitako: kikiwa kimekaza na hakichezi mezani, kitadumu.

Saa 7:00

Ugali, nyama, mboga. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, wageni huomba kuonja. Mtogwa ni mtamu na mpole. Mkangafu umeshachachuka na huangusha mtu kabla hajajua. Kazi ya kupanda mawe inabaki jioni, kwa hiyo mtogwa pekee, tena kidogo. Ukiubeba kwenye chupa usikaze kifuniko. Unaendelea kuchachuka, na gesi itaipasua garini.

Saa 8:30, Kalenga

Kilomita kama 15, kwenye barabara ya kwenda Ruaha. Wafundishe wageni salamu kabla ya kushuka: Kamwene, nayo hujibiwa Kamwene. Kwa wazee, shikamoo kwanza. Kofia hutolewa mlangoni, na picha ndani hazipigwi bila ruhusa. Picha ya kujipiga mbele ya fuvu siiruhusu kabisa. Ni kichwa cha mtu, na wajukuu zake wanaishi jirani.

Ngome ya Kalenga iliangukia mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mtwa Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi pale Mlambalasi ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliagiza kirudishwe ndani ya miezi sita. Kilirudi 1954.

Swali haliepukiki: ni lake kweli? Jibu langu ni kueleza kilichofanyika. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda makumbusho ya Bremen, penye mafuvu mengi, akatumia uwiano wa upana na urefu wa kichwa kuyalinganisha na vipimo vya watu wa ukoo, na lililochaguliwa lilikuwa na tundu la risasi. Wapo wanahistoria wenye shaka. Wahehe walilipokea. Mgeni apewe yote matatu, asichaguliwe.

Nje kuna kaburi la Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Tembea pembeni ya makaburi, si juu yake.

Saa 11:00, Gangilonga

Kwa Kihehe, jiwe linalosema. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alikuja hapa kutafakari, na hapa akajua Wajerumani wanakuja. Kupanda ni dakika 15. Jua huzama karibu saa 12 na nusu, nasi tunaanza kushuka likiwa bado limebaki kidole kimoja juu ya vilima: miamba hii ina sehemu laini zilizosuguliwa na miguu, na gizani taa ya simu haionyeshi kina. Tochi moja mbele, moja nyuma, na watoto katikati.