Doa lililoganda kwenye kioo

Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia baina ya Wete, Tanga na Mombasa. Nilipomwambia nakwenda kusomea urubani wa helikopta, hakuuliza habari za injini. Aliuliza, "Huko juu, mwanangu, mnajuaje kama mnakwenda kugongana?" Kisha akajijibu mwenyewe: chombo cha mwenzio kikisogea mbele au nyuma ya mlingoti wako, mtapishana salama. Kikiganda pale pale huku kinakua, geuka.

Kazi niliianzia Mtwara, wakati wa kuchimba gesi ya bahari kuu, tukipeleka wafanyakazi kwenye meli za uchimbaji. Kule kila kitu kilipangwa: kwenda kimo chake, kurudi kimo chake, na mtu wa pwani anakufuatilia kwenye skrini safari nzima. Niliporudi nyumbani kurusha watu baina ya Unguja na Pemba nikaona nimepumzika. Safari ya maili za bahari 68 hivi, marubani wote tunajuana, nini tena?

Alasiri moja ya kaskazi nilikuwa narudi kutoka Chake Chake na watalii wanne, futi 1,500. Kulikuwa na utusitusi mweupe, bahari na mbingu rangi moja, jua limeinama mbele yangu upande wa kulia. Hali kama hiyo jicho likikosa cha kushika huanza kutazama karibu tu, mita chache mbele ya pua, na mwenyewe huna habari. Kisiwa cha Mnemba ndiyo kwanza kinachomoza. Nikaona doa kwenye kioo. Nikasema mdudu.

Sijui kwa nini nilisogeza kichwa. Doa likateleza kwenye kioo, na mdudu aliyeganda hatelezi. Nikarudisha kichwa, likarudi pale pale, likatulia. Hapo nikamkumbuka ami. Nililaza helikopta kulia, na lile doa likaota mabawa na magurudumu, likapita kushoto kwangu, juu kidogo. Watalii walishangilia, wakidhani nawaonesha Mnemba.

Hesabu niliifanya usiku, usingizi umenikimbia. Mimi nakwenda maili 120 kwa saa, ile ndege 160. Ukijumlisha, tunakaribiana maili moja kila sekunde 13. Mamlaka ya anga ya Marekani inakadiria kuwa rubani huhitaji sekunde 12.5 tangu jicho lione kitu mpaka chombo kianze kugeuka. Kwa hiyo doa lililo umbali wa maili moja limeshakumalizia muda wote.

Kesho yake tulikutana na rubani wa ndege ile kwenye kahawa, pale nje ya uwanja wa ndege. "Yakhe, mimi sikukuona hata chembe," akasema. Nilimwamini. Yeye alikuwa akinitazama kutoka juu, na helikopta ndogo juu ya bahari yenye mawimbi meupe ni kama kumtafuta dagaa kwenye povu. Transponda yake, kile chombo kinachojibu rada kikitaja ndege, ilikuwa imezimika bila ya yeye kujua, na chombo changu cha kuonya husikia wanaojibu tu. Makosa yangu nami ninayo: nilitangaza nilipo wakati naondoka Pemba, kisha nikanyamaza, nikawa mtembeza wageni.

Lakini kilichotukutanisha hasa ni GPS. Wote wawili tulichora mstari mmoja, uwanja kwa uwanja, na mashine zikatuweka juu yake bila kukosea hata upana wa uwanja wa mpira. Marubani wa zamani walikuwa wakipotoka kidogo huku na huku, na kupotoka kule kuliwaepusha na mengi. Kanuni ya kugawana vimo kwa mwelekeo nayo huanza kubana juu ya futi 3,000, na sisi wa helikopta tunapita chini yake.

Tukakubaliana pale pale, kahawa haijapoa: kila mtu akae maili moja kulia kwa mstari. Anayekwenda Pemba apite mashariki, anayerudi apite magharibi, tupishane kushoto kwa kushoto. Yeye kwenye ndege hukaa kiti cha kushoto, kwa hiyo ananiona vizuri. Mimi kwenye helikopta nakaa kulia, na nguzo ya mlango wa pili inanificha kipande kizima cha mbingu, basi nainama mbele na nyuma kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Macho siyaburuzi tena kutoka upande hadi upande. Nayasimamisha, kipande baada ya kipande, kwani jicho linalotembea halioni kitu kidogo. Katikati ya mkondo natangaza tena: kimo, mwelekeo, dakika zilizobaki.

Abiria nao nimewapa kazi. Ukiona chochote kinachoruka, nioneshe kwa mkono, usione haya. Wananionesha shakwe kwa wingi. Ila mzee mmoja mvuvi wa Mkoani, siku ya kwanza maishani mwake kupanda chombo cha angani, aliiona ndege kabla yangu kwa dakika nzima.

Kilichobaki kunisumbua ni droni za wageni juu ya fukwe za kaskazini. Hazina redio wala transponda, na ni ndogo kuliko shakwe. Pale siteremki mapema, hata abiria wakiomba picha.