Ndugu wanne, majina manne

Nimekaa Uingereza miaka 26, na miaka yote hiyo nimeitwa Bwana Khamis. Kazini Khamis, kwa daktari Khamis, wanangu watatu waliozaliwa huko wanajulikana shuleni kama akina Khamis. Khamis ni babu yangu mzaa baba, aliyezikwa Takaungu kabla sijazaliwa. Ukoo wetu ni Mazrui, ila neno hilo halimo katika pasipoti yangu. Siku niliyoomba pasipoti karani aliona nafasi tatu, akajaza langu, la baba na la babu, akafunga daftari. Nilikuwa kijana mwenye haraka ya kuondoka, sikubisha.

Sasa nimerudi Mombasa. Mambo ya mji sitayarefusha, mnayajua: ghorofa zimepandishwa juu ya nyumba za Kibokoni, tuktuk zimejaa kila kichochoro, treni mpya inakuacha Miritini badala ya kukufikisha mjini. Hayo yote nilikuwa nikionyeshwa kwenye simu kabla sijafika. Kilichonitoa usingizini ni meza ya karani.

Tulikwenda watoto wanne wa baba mmoja na mama mmoja, kwa ajili ya mirathi ya nyumba. Mimi kitambulisho changu kinaishia Khamis. Ndugu yangu anayenifuata kinaishia Mazrui. Dada yetu kinaishia Suleiman, jina la baba, basi. Kitinda mimba kinaishia Masrui, kwa S, kwa sababu aliyeandika alisikia hivyo na hakuna aliyerudi kusahihisha. Karani akavipanga mezani vyote vinne, akatutazama.

"Nyinyi ni ndugu kweli?"

"Tumbo moja," dada akajibu.

"Karatasi hazisemi hivyo."

Dada yangu ndiye aliyemwosha mama yetu na kumkafini. Alisimama mbele ya meza ile na kuambiwa karatasi hazisemi hivyo, nami nikakosa la kumwambia. Tukatakiwa barua ya chifu, hati za kiapo, vyeti vya kuzaliwa vya wanne sote na cheti cha kifo cha baba, ambacho nacho kimeandikwa jina kwa namna ya tano. Tulirudi mara sita. Mara ya tatu karani yule akaniuliza, bila ubaya usoni, "Lakini asili yenu hasa ni wapi?"

Swali hilo Uingereza niliulizwa kila wiki na nikalizoea, ugenini ni ugenini. Sikutegemea kuulizwa Mombasa, tena ndani ya chumba ambacho ukitoka nje unaiona Ngome ya Yesu. Usiku huo sikulala. Nimekuwa nikimjibu karani yule kichwani tangu siku hiyo, na hapa nimjibu kwa kalamu.

Asili ni Rustaq, Oman. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu tangu 1696, wakawatoa Wareno Desemba 1698, na Maimamu wa Yaarubi, watawala wa Oman wakati huo, wakaanza kuleta maliwali, yaani magavana. Katika karne ya 18 uliwali ukashikwa na Mazrui. Ukoo wa Al-Busaidi ulipouchukua utawala wa Oman, liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman, alikataa kuwatambua. Wakatumwa watu wakamwua. Nduguye Ali bin Uthman alifungwa, akatoroka, akaitwaa tena Ngome kwa msaada wa watu wa mji. Hapo ndipo ninapotaka karani asikilize: ni watu wa mji waliomrudisha. Kwa karibu miaka 90 iliyofuata Mombasa ilijitawala chini ya jina hili, haikuwa ya Muscat wala ya Unguja, na aliyekuwa akiitungia mashairi mizozo yake ni Muyaka bin Haji, kwa Kimvita kitupu, lahaja ya Mombasa. Mjukuu wa mtu aliyetoka Rustaq alikuwa akitukanwa na kusifiwa kwa Kimvita, na akielewa kila neno.

Mwaka 1837 Sayyid Said wa Al-Busaidi, mtawala wa Oman na Unguja, aliupata mji, na wakubwa wa ukoo wakakamatwa, wakapakiwa chomboni hadi Bandar Abbas, ng'ambo ya Ghuba. Nyumbani tulihadithiwa habari hiyo kwa sauti ya chini kama msiba wa juzi. Waliosalia waligawanyika: wengine kaskazini Takaungu, wengine kusini Gazi. Ndiyo sababu kwetu mzee akikuuliza "wa wapi wewe?" hataki mtaa wala namba ya nyumba. Anataka ujibu Takaungu au Gazi.

Kisha vita vya 1895. Vilianzia Takaungu kwa kugombea nani arithi, Waingereza wakaingilia upande mmoja, pwani nzima ikawaka. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana nao mpaka 1896, akavuka mpaka na watu wake kwenda kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Kwa hiyo jina limekwenda na huko pia.

Baada ya hapo ndipo yalipoanza madaftari. Mkoloni aliwagawa watu wa pwani kwa karatasi: huyu Mwarabu, huyu mwenyeji, huyu abebe kipande cha kujitambulisha, huyu asibebe. Mswahili wa Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Mombasa, na mjomba wake wangeweza kuandikwa pande mbili. Kabla ya karatasi, jina lilikuwa mnyororo wa fulani bin fulani bin fulani, na nisba, jina la ukoo, mwishoni ikionyesha ulikofungwa. Mnyororo hauna idadi. Daftari lina nafasi tatu. Ukiukata mnyororo kwa nafasi tatu, kila mtoto anatoka na kipande chake, kutegemea karani aliamkaje siku hiyo. Hiyo ndiyo siri ya majina yetu manne, na nimeona aibu kwamba imenichukua miaka 26 na barua ya chifu kuielewa.

Kuna jambo jingine ambalo karani hakuliuliza, nami nalisema kwa sababu nyumbani halisemwi. Bibi mzaa baba alikuwa Mgiriama. Waliosimama na Mazrui vitani, tangu zamani za Ngome, wengi walikuwa Mijikenda, na damu zimechanganyika muda mrefu kuliko umri wa mipaka ya Kenya. Na mashamba ya nafaka ya Takaungu yalilimwa na watumwa. Huku pwani baadhi ya walioachwa huru, na watoto wao, walibaki na nisba za waliowamiliki. Kwa hiyo si kila mwenye jina hili babu yake alishuka jahazini kutoka Oman. Mwingine babu yake aliletwa Takaungu kwa nguvu kutoka bara. Jina ni lake vilevile, na kwa jasho zaidi. Ndugu zangu wengine hawatapenda nimeandika hivi. Nimeandika.

Nilikwenda makaburini, pale karibu na Ngome. Oktoba 2014 nilitazama kwenye simu, usiku, nikiwa zamuni, Profesa Ali Mazrui akiletwa kutoka Marekani kuzikwa pale. Maisha yake yote alifundisha ugenini, na hakuna karani aliyemkatia jina. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi kufa kwake 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo huu. Nilisimama pale nikawaza kwamba wanangu wakija hapa hawatajua kuwa panawahusu. Wao ni akina Khamis.

Mlio nje, nawaomba sana. Kabla hujajaza fomu ya mtoto, pigia wazee simu. Jina utakaloandika mwisho ndilo wajukuu zako watakalobeba, hata kama kwako wewe ni la babu tu. Tofauti ya herufi moja isahihishe mwaka huu, usingoje mirathi. Ukirudi, njoo na vyeti vya kuzaliwa vya asili, si nakala. Wala usitume mate yako maabara ya DNA ukaridhika na asilimia za asili yako. Asilimia haitakuambia wewe ni wa Takaungu au wa Gazi. Nenda kakae na shangazi yako.

Mimi nilikwenda kwa wangu, Takaungu, Ijumaa baada ya Alasiri. Amepungua, macho yamefunga ukungu, lakini alinijua kwa sauti. Nikamwomba anihesabie. Akaanza kwangu, akapanda kwa baba, kwa Khamis, akaendelea, kidole kimoja kwa kila jina, na mtoto wa ndugu yangu akamrekodi. Kwenye la saba alinyamaza muda mrefu. "Hili alikuwa akilijua babako," akasema. Baba amekufa mimi nikiwa kule, na sikuwahi kumuuliza.

Yule aliyekuwa akirekodi amepata mtoto wa kike wiki hiyo hiyo. Alinipa fomu ya kizazi niijaze, maana mwandiko wangu unasomeka. Nikaandika kwa herufi kubwa, polepole, jina la mtoto, la baba yake, na mwisho MAZRUI, kwa Z. Nikampa shangazi aitazame kabla haijapelekwa. Yeye herufi hizi hakuzisoma, chuo cha Kurani alisoma za Kiarabu tu, basi nikachukua karatasi nyingine nikaliandika tena kwa Kiarabu, makubwa, yajaze ukurasa. Akaileta karibu na jicho la kulia, akalisoma kwa sauti, kisha akaniambia nimpe mtoto ampakate.