Mafuta ya Tumboni Hayakai Kimya

Mafuta ya mwili si ghala tu, yanatoa homoni. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, huujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakizidi, leptini hupanda, lakini ubongo huacha kuisikia na njaa hubaki palepale. Ndiyo maana kumwambia mtu mnene "jizuie tu" ni kumwonea.

Adiponektini, homoni nyingine ya mafuta, huenda kinyume: seli za mafuta zikivimba, hutolewa kidogo. Homoni hii huisaidia insulini, inayoshusha sukari ya damu, kufanya kazi. Adiponektini ikipungua, ini humwaga sukari kwenye damu hata kama mtu hajala, na misuli hushindwa kuunguza mafuta vizuri.

Mafuta yanayozunguka matumbo ni hatari kuliko ya mapajani, na mizani haiwezi kuyatofautisha. Chukua utepe wa fundi cherehani, uupitishe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usibane tumbo. Kiuno kikifika nusu ya urefu wako, kapime sukari, shinikizo la damu na mafuta ya damu. Wengi hukosea kwa kupima pale mkanda wa suruali unapokaa. Mwenye kitambi huufunga chini yake, kwa hiyo kipimo hutoka kidogo kuliko hali halisi.