Siku moja maishani mwangu: kufundisha Scratch darasani

Saa 12:30 asubuhi nafungua chumba cha kompyuta. Kazi ya kwanza ya mwalimu wa kompyuta haihusiani na kufundisha: ni kukagua laptopu ipi imejaa chaji na ipi waya wake ulichomoka usiku. Laptopu ni 20, watoto wa darasa moja ni karibu 40, hivyo kila inayozimika inawaacha wawili wakichungulia mabegani kwa wenzao. Zenye betri dhaifu naziweka karibu na soketi. Kisha katika kila moja nafungua Scratch, programu ambayo watoto wanaunga vipande vya maagizo ili kutengeneza michezo na michoro, ile inayofanya kazi bila intaneti. Nafanya hivi hata mtandao ukiwa mzima, maana mtandao wa asubuhi si mtandao wa mchana.

Saa 2 wanaingia wadogo, wa miaka mitano hadi saba. Hawa wanatumia ScratchJr, Scratch ya wadogo, kwenye tableti. Wengi hawajajua kusoma, na vipande vyake vya maagizo vina picha tu bila maneno. Unaviunga kutoka kushoto kwenda kulia na mhusika anatembea, anaruka, anatoweka. Kipindi kinaisha kabla hawajachoka, na kukusanya tableti kunachukua muda mrefu kuliko somo lenyewe.

Saa 3, darasa la nne. Leo tunachora maumbo kwa kalamu ya Scratch: mhusika wetu, paka, anatembea kwenye skrini na kuacha mstari. Mraba hausumbui mtu: rudia mara 4, nenda hatua 100, geuka nyuzi 90. Nikawaambia sasa chora pembetatu yenye pande sawa. Karibu wote wakaandika 60, kwa sababu wamefundishwa, na wamefundishwa sawasawa, kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ni nyuzi 60. Wakabofya bendera ya kijani inayoanzisha programu. Kwenye skrini kikatokea kitu kama bakuli, hakijafunga. Kelele zikaanza: kompyuta imeharibika, paka hajui hesabu, Mwalimu njoo uone.

Sikwenda kumrekebishia mtu. Nilimwita msichana mmoja mbele, nikamwambia awe paka, atembee sakafuni pande za pembetatu. Alipofika kwenye kona ya kwanza akasimama, akageuka, na darasa likaona: mwili wake ulizunguka sana, zaidi ya robo duara. Pembe ya ndani ni 60, lakini anayetembea anageuka 180 kutoa 60, yaani 120. Mmoja akapaza sauti kwamba 120 mara 3 ni 360, mwingine akasema hata 90 mara 4 ni 360, na hapo sikuwa na la kuongeza. Kipindi kilipoisha walikuwa wamefika umbo la pande 12.

Jambo hili si geni. Lugha ya kompyuta ya Logo, waliyoianzisha Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon mwaka 1967, iliwafanya watoto wamwongoze kasa, roboti au alama kwenye skrini, kwa maagizo ya namna hiihii: nenda mbele, geuka kulia. Papert alitaka mtoto aitumie akili ya mwili wake kuelewa jometri. Scratch, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007 chini ya kundi la Mitchel Resnick, ni tawi la mti huohuo. Nalisema hili kwa wanaodhani tumeokota gemu mtandaoni ili kuwatuliza watoto.

Mapumziko ya saa 4:30 yote yameliwa na paswadi. Akaunti ya mwalimu inaniruhusu kuwafungulia watoto akaunti bila barua pepe na kuwawekea paswadi mpya wanaposahau. Nashukuru, kwa sababu wanasahau.

Saa 5 linaingia darasa la sita, na intaneti inakatika. Wale waliokuwa wamefungua akaunti zao kwenye kivinjari wakaanza kupiga kelele kwamba kazi ya wiki iliyopita imepotea. Haijapotea, iko salama kwenye akaunti, ila leo hatuifikii. Ndiyo maana huwa nahifadhi nakala za miradi kwenye flashi. Nikapita meza kwa meza na flashi moja, nakopi faili la kila jozi. Nusu ya kwanza ya kipindi ikaishia hapo. Ukiona mwalimu wa kompyuta anatembea huku na huku jasho linamtoka, huenda somo halijaanza bado.

Mradi ni gemu: paka anakimbiza nyota, akiigusa anapata alama 1. Jozi ya meza ya nyuma, binti anashika kipanya na mvulana anatoa mawazo, wameniita.

"Mwalimu, tunagusa mara moja, inatupa 17."

"Jaribuni tena."

Ikawapa 23. Mara nyingine 9. Binti akasema kompyuta inabahatisha. Mvulana akasema inawapendelea, na hataki alama za bure.

Mimi nilishaona tatizo. Vipande vyao viko ndani ya kitanzi cha milele, yaani vinarudiwa bila kukoma: kama umegusa nyota, ongeza alama 1. Scratch inazungusha kitanzi cha namna hiyo kama mara 30 kwa sekunde, na paka akipita juu ya nyota kwa nusu sekunde tu, ameulizwa swali lilelile mara nyingi na kila mara amejibu ndiyo. Ningeweza kuchukua kipanya na kumaliza kwa sekunde chache. Lakini mikono yangu niliifunga mgongoni, na hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii kuliko waya na paswadi zote. Mtoto akishakuona unashika kipanya chake, siku nyingine hatafikiri, atakuita.

Wakaweka subiri sekunde 1. Ikafanya kazi. Wakashangilia, kisha binti akamwacha paka juu ya nyota makusudi, na alama zikaanza kupanda moja moja kila sekunde. Akanitazama kwa hasira, na mimi nikafurahi kwamba ameijaribu kazi yake mwenyewe bila kuambiwa.

Wakati huohuo mlangoni akasimama mwalimu mwenzangu, akaangalia skrini, akasema kwa sauti ya kusikika na darasa zima: "Kwa hiyo hawa saa hizi wanacheza gemu?"

Lilinichoma. Yeye ni mwalimu wa hisabati. Jukwaa la Scratch, yaani eneo anamotembea paka, lina upana wa 480 na kimo cha 360, sifuri ipo katikati, kushoto unashuka hadi -240 na chini hadi -180. Watoto hawa wanatumia namba hasi kila wanapompeleka paka kushoto, na hakuna anayeziogopa. Nilimwomba aketi na wale wawili, awaulize wanafanya nini. Alisema ana kipindi, akaenda zake. Watoto walikuwa wamemsikia, na ilinibidi nitumie dakika nyingine kuwarudisha kwenye kazi.

Nikarudi meza ya nyuma. "Isomeni programu yenu kwa sauti, kana kwamba wewe ndiye paka."

Mvulana akasoma. "Nimegusa nyota? Ndiyo. Naongeza 1."

"Halafu?"

"Halafu narudi juu. Nimegusa nyota?" Akanyamaza. "Bado nimeigusa."

Binti akamnyang'anya maneno: "Haijaondoka! Nyota haijaondoka!" Akatoa kipande cha kusubiri akakiweka pembeni, akachukua cha kutuma ujumbe, akakiunga ndani ya sharti baada ya kuongeza alama, akamwagiza nyota akipokea ujumbe ateleze hadi mahali popote kwenye jukwaa. Haikutosha, kwa sababu paka aliendelea kuuliza kabla nyota haijahama. Wakachagua ile amri ya kutuma ujumbe na kusubiri. Alama 1. Wakajaribu tena, alama 1.

Kisha nyota ikateleza ikatua juu ya paka mwenyewe, wakapata 2. Nilidhani wataanza upya. Wakanong'onezana, wakaandika kwenye maelezo ya gemu: nyota ikikuangukia ni bahati yako, usirudishe alama. Wamegeuza kasoro kuwa sheria, na sheria hiyo ni nzuri.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Kulikuwa na darasa jingine la mchana, sauti yangu imekauka, laptopu mbili zimezimika, na faili nyingi mno zenye jina "mradi wangu". Intaneti ilirudi watoto wakiwa wameondoka, nikabaki kupandisha faili zao moja moja kwenye akaunti.

Jioni nasahihisha. Kusahihisha Scratch ni kufungua ndani ya mradi na kusoma vipande. Siwaambii watoto wafute vile walivyoviacha vimeelea pembeni bila kuungwa, kwa sababu humo naona walikopitia. Kwa ile jozi kipo kipande cha subiri sekunde 1, kimetupwa pembeni, na kwangu kina thamani sawa na jibu lenyewe. Gemu likiwa safi tu nisingejua kama wamefikiri au wamenakili.

Kesho kipindi cha darasa la sita kitaanza laptopu zikiwa zimefungwa. Wale wawili watasimama mbele kueleza kwa nini mguso mmoja ulikuwa unatoa alama 17. Nimemtumia ujumbe mwalimu wa hisabati kumwalika aje asikilize, na nimemwandikia saa kamili ili asipishane na kipindi chake. Hajajibu bado.