Nilivyokokotoa bei ya kempa iliyotumika

Milioni 68. Ndiyo bei aliyonitajia dalali kwa simu kabla sijaiona kempa yenyewe, yaani gari la kulalia safarini: Land Cruiser iliyorefushwa, injini ya dizeli ya 1HZ, paa la kuinuka, hema juu, jokofu, na jiko la kuvuta kwa nyuma. Mimi na mume wangu tulikuwa tumechoka kukodi kila tukitaka kuwapeleka watoto kulala Tarangire au Ziwa Natron. Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miaka sita ya kujinyima, na ikipotea hapo hatukuwa na nyingine.

Nilianza mbali na gari lenyewe. Kwa wiki tatu nilizunguka gereji za Unga Limited na Njiro, hapa Arusha, nikiuliza swali moja: gari kama hili, bila vitu vya kulalia, limeuzwa shilingi ngapi? Limeuzwa, maana ya kwenye tangazo kila mtu anaandika anayotaka. Nikapata matatu ambayo pesa ilishalipwa: milioni 50, 52 na 55. Nikashika 52, kwa kuwa ndilo lililokaribiana na letu kwa mwaka wa kutengenezwa. Huku kwetu watu hupima gari kwa herufi ya namba, hili namba B, lile namba D, na wanapandisha bei kwa hilo. Herufi inakueleza lilisajiliwa lini Tanzania tu. Mwaka wenyewe uko kwenye kadi, na namba ya chasisi ya kwenye kadi lazima ilingane na iliyogongwa kwenye chuma.

Dalali hakutaka tuonane na mwenye gari. Nilikataa kuendelea mpaka aliponipeleka Usa River, kwa mzee aliyeendesha watalii karibu maisha yake yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu ndani."

Nilipomuuliza bei, akataja 64. Milioni nne zilikuwa cha juu cha dalali.

Boneti nililikuta la moto. Nikamwomba tuje kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, asiliwashe kabla hatujafika, naye akakubali bila kinyongo. Injini ya dizeli ikishapata moto inaficha mengi. Asubuhi ile iliwaka mara moja, moshi mweupe kidogo, ukaisha. Fundi wangu akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu kusikia kama inasukuma hewa nje, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Haipumui hii, dada. Injini nzima."

Kisha akaingia chini na nyundo ndogo. Akawa anagonga chasisi taratibu kutoka mbele, ting, ting, ting. Alipofika pale ilipokatwa na kuungwa siku ya kurefushwa, sauti ikawa tup. Akakwangua rangi nyeusi kwa bisibisi, akaniita. Nililala chali kwenye vumbi nikauona: ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kidole, kutu ikichungulia ndani yake. Nilipopitisha ukucha, ukanasa. Barabara ya kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, huko Serengeti, ina mawimbi kama bati, na gari refu lenye mzigo likipita huko mwaka hadi mwaka, kiungo hicho ndicho kinachoumia. Mzee alichutama akautazama ufa ule muda mrefu, hakusema kitu.

Paa tulilimwagia ndoo mbili za maji. Baada ya dakika chache tone la kwanza likaangukia kiti cha nyuma. Matairi yalikuwa na meno mazuri, lakini tarakimu nne za mwisho ubavuni zilisomeka 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014, na mpira ulishapasukapasuka. Taa ya dashibodi inayokumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi wa injini haikuwa inawaka. Inatakiwa kuwaka kila kilomita 100,000, ila mtu anaweza kuizima bila kubadilisha mkanda, na risiti haikuwepo. Nikahesabu haujabadilishwa.

Usiku tukakaa mezani na karatasi. Mzee alisema ametumia milioni 14 kwenye vifaa vya kulalia, na naamini ni kweli. Lakini mimi sikuweza kulipa alichotumia yeye. Nililipa kile ambacho vifaa vile vingenigharimu kama ningevitafuta vikiwa vimetumika hivyo hivyo. Hema lenye zipu mbovu, 2. Jokofu linalopoza vizuri, 1.2. Makabati na tangi la maji, laki nane. Betri ya pili ilikuwa imekufa, nikaiwekea sifuri. Hapo nilikuwa karibu kukosea: nilitaka pia kukata bei ya betri mpya kwenye matengenezo. Mume wangu ndiye aliyegundua kwamba kitu ambacho hatukukilipia hatuwezi kukikata tena, na haki ya mzee ingepotea hapo.

Vifaa, milioni 4. Matengenezo: kuchomelea na kuimarisha chasisi 1.8, matairi manne 2, mkanda na pampu ya maji laki sita, mipira ya paa laki tatu. Jumla 4.7. Ukichukua 52, ukaongeza 4, ukatoa 4.7, unapata 51.3.

Dalali alinipigia asubuhi kwamba kuna mtu anakuja na pesa jioni. Nikamwambia amuuzie. Kisha nikaenda kwa mzee na karatasi ile ile, nikamsomea mstari kwa mstari. Alibishana juu ya jokofu na matairi. Juu ya chasisi hakubishana hata kidogo. Tukamaliza kwa milioni 52.5, na nafsi yangu ilitulia.

Kiungo kilipigwa bamba pande zote mbili kwa milioni 2.1, laki tatu zaidi ya nilivyokadiria. Mzee alikuja mwenyewe gerejini siku ile, akasimama mpaka chuma kikapoa.