Siku yangu na kompyuta inayoganda kwa mwenyewe tu

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kufagia naiendea kompyuta ya mama wa steshenari. Jana niliiacha usiku kucha ikipimwa RAM, yaani kumbukumbu yake ya muda, kwa MemTest86, programu inayoandika na kusoma kila kona ya RAM bila kuingia Windows. Imezunguka mara nne. Makosa sifuri.

Ningefurahi zaidi kukuta kosa, ningepata pa kuanzia. Hii ni siku ya tatu mashine iko kwangu Kariakoo na haijaganda hata mara moja. Kwa mwenyewe huko Temeke inaganda mara tatu, nne kwa siku: kipanya hakisogei, saa ya pembeni imesimama, taa ya diski imewaka bila kupepesa, mpaka ushikilie kitufe izime.

Saa 2. Dogo ninayemfundisha amefika, nampa historia ya mgonjwa. Imeshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alipiga Windows upya. Wa pili akapiga tena, na akamuuzia mama RAM nyingine. Inaniuma, maana hakuna aliyepima kitu. Dogo anafungua orodha ya matukio ya Windows na kukuta Kernel-Power 41 imejaa. "Kaka, si pawa saplai hii?" Huenda, maana pawa saplai ndiyo inayoipa kompyuta umeme, lakini tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu. Ukiishikilia kitufe kwa sababu imeganda, linaandikwa vilevile. Siwezi kumtoa mtu hela kwa ushahidi wa namna hiyo.

Saa 3. Taarifa za SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiandikia: sekta mbovu zilizohamishwa 0, zinazosubiri 0. Vumbi nimeshapuliza, pesti ya prosesa nimebadilisha. Nikiibebesha kazi nzito joto linaishia nyuzi 68. Huku hakuna kitu.

Saa 4. Napiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Imepona?"

"Bado, mama. Samahani, ikiganda huwa unafanya nini?"

"Sifanyi kitu mwanangu! Nakuwa nimeiacha, natoa kopi za wanafunzi. Nikigeuka naikuta imesimama."

Siku ya kwanza nilimuuliza anafanya nini kwenye kompyuta, naye akanijibu kuhusu kompyuta. Mashine ya kopi haikutajwa. Na mimi hapa ofisini sina mashine ya kopi.

Saa 5:30. Bajaji hadi Temeke, kompyuta mapajani, multimita ya kupimia umeme na pawa saplai yangu ya majaribio kwenye begi. Nikaomba kila kitu kichomekwe kama kawaida yake. Mashine ya kopi na kompyuta zinakula kwenye ekstensheni moja, waya mwembamba kama wa taa.

Naweka ncha za multimita kwenye plagi ya nyaya nne, njano na nyeusi. Volti 11.7. Iko chini kidogo, ila inaruhusiwa, kwa sababu hapo panatakiwa volti 12, na kiwango cha ATX cha pawa saplai za kompyuta ni asilimia 5 juu au chini, yaani kuanzia 11.4 hadi 12.6. Namwambia mama atoe kopi. Rola ya kuyeyushia wino wa unga inavuta umeme ili ipate moto, balbu ya dukani inafifia kidogo, na mita inashuka: 11.2. Kopi ya sita, ya saba... skrini imesimama. Mama amejishika kiuno: "Si unaona!"

Naona, mama. Siku tatu nilikuwa naitafuta hiyo.

Pawa saplai nzima inatakiwa kuvumilia mtikisiko wa hivyo. Ndani yake kuna kapasita kubwa inayotunza akiba ya kuibeba kompyuta kama milisekunde 16 umeme ukikatika, na nyingine ndogo zinazotuliza umeme unaokwenda kwenye bodi. Nikamulika tochi kwenye matundu ya feni, vichwa vya zile ndogo vimevimba. Dogo alitaka tuifungue hapohapo, nikamkataza. Kapasita kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umechomolewa.

Saa 7. Nafunga pawa saplai yangu. Ekstensheni ileile, mashine ya kopi ileile, RAM na diski sijagusa, nabadilisha kitu kimoja tu. Nikibadilisha viwili sitajua kipi kilichoponya. Mita inasoma 12.1, rola ikivuta inabaki 12.0. Tunatoa kopi mia mbili za mtihani wa majaribio. Haigandi.

Nikala wali maharage hapohapo kwa mama, kazi ikiendelea mpaka saa 9 na nusu. Haijaganda.

Saa 10. Namfungia pawa saplai mpya, na namwomba aite fundi umeme aipe mashine ya kopi soketi yake ya ukutani, maana ule waya ulikuwa umeanza kupata moto. RAM aliyouziwa nimemwachia humohumo. Ni nzima, haikuwa dawa tu.

Saa 12 jioni. Niko benchi. Ile pawa saplai mbovu, ukiiwasha bila mzigo feni inazunguka vizuri kabisa, na sokoni hilo linatosha mtu kuuziwa kama used nzima. Nimechukua koleo, nimekata nyaya zake zote karibu na boksi.